Jina Nyuma ya Kikasha

Dorika mwanangu,

Habari za blanketi, za dawa ya malaria na za kuficha simu kila ukiona bariyeri, mama yako amekwisha kukuambia mara tatu, na kesho ku ajansi ya basi atakuambia mara ya ine. Miye sitazirudia. Ni saa kumi za muchana, mvua inapiga mabati, na weye uko Mudzi Pela unasukwa nywele. Namujua yule mama anayekusuka. Vidole vyake viko vyepesi, lakini kinywa chake kinavisimamisha kila dakika. Hautarudi mbele ya saa moja. Nina saa tatu za kuandika neno ambalo nimelibeba miaka nane.

Barua hii itakuwa chini ya mikate, ndani ya kikapu. Basi inalala Epulu, na njaa yako naijua, lazima utakifungua pale. Sitaki uisome hapa Bunia, juu ninaogopa macho yako. Sitaki pia uisome Kisangani, juu saa ile utakuwa umeshaingia ndani ya nyumba ya parrain wako wa ubatizo, Gaspard, umeshakula chakula chake, umeshaitwa mutoto wa nyumba. Nataka uisome katikati ya njia, ukiwa bado na uwezo wa kuchagua mulango wa kupiga hodi. Mama yako mudogo Justine anakaa kule kule Kisangani, ku mutaa wa Tshopo, na nimeshamwambia kama unaweza kufika kwake usiku ao muchana. Hakuuliza sababu.

Nianze na mukono wangu wa kushoto. Daktari alipokata vidole viwili uliniuliza ni nini kiliviharibu, nikakujibu kama mashine iliniuma. Haikuwa uongo. Haikuwa pia ukweli.

Mashine ya radio, ile ya kupiga picha za kifua na mifupa, ambayo miye na Gaspard tuliikuta katika hospitali, ilitoka Kilo, kule kwa wachimba dhahabu wa zamani, ambapo babu yako alipigwa picha ya kifua kila mwaka kabla ya kurudishwa shimoni. Ilikuwa muzee kuliko miye. Tulikuwa watu wawili katika chumba kile. Gaspard alisimama nyuma ya ukuta, pahali pa kubonyeza. Miye nilisimama na mugonjwa. Mutu muzima unamuambia avute pumzi na aishike, anaishika. Mutoto wa miaka miwili mwenye kukohoa hasikii lugha ile. Lazima mutu amukamate, amuinulie mikono juu, asitingishike. Kitabu cha kazi kilisema mama yake amukamate, akiwa amevaa tabliye nzito ya risasi inayozuia miale. Sasa, mama wa miaka ile ya vita unawajua. Wengi walikuwa na mimba, wametoka Djugu kwa mguu, wamelala mashambani. Hakuna hata mumoja aliyekubali kuachana na mutoto wake, hata kwa unene wa mulango. Tabliye yetu ilikuwa moja. Nilimuvika mama, nikamuweka pembeni aone, na mutoto nilimukamata miye, na blouse yangu nyeupe ya kazi tu.

Nilijua hatari? Nilijua nusu. Nusu ingine sifa iliifunika. Watoto walitulia kwangu. Waliniita Papa Radio hata sokoni, na nilipenda, siwezi kukudanganya. Mutu anayependa kuitwa jina fulani haulizi sana lile jina linamukula nini. Lile ni kosa langu la kwanza, na sikufundishwa na mutu, nilijifundisha mwenyewe.

Sasa Gaspard. Weye unamujua kama mutu aliyekufundisha kuhesabu mbavu kwenye filme mbovu, mukiwa mumezibandika ku dirisha. Unamujua kama sauti inayokupigia simu kila siku yako ya kuzaliwa. Miye namujua tangu siku tatu tulizofungiwa ndani ya chumba giza, pale tulipokuwa tunasafishia filme, wakati muji ulipokuwa unagombaniwa. Tulikuwa na karanga mbichi na ndoo moja ya maji iliyonusa dawa. Siku ya pili watu walipita ndani ya couloir, mbele ya mulango wetu, wakiulizana sisi tuko wapi, na walitaja kabila langu, hawakutaja lake. Angetoka peke yake, wangemuacha. Hakutoka. Alinifunika kinywa na mukono wake juu nilikuwa na kikohozi. Wazee wanasema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Tangu siku ile sikumuita tena rafiki, nilimuita ndugu, na nilikupeleka kwake ubatizwe ukiwa ungali unanyonya.

Amani ilipokuja, ile amani yetu ya kulala na viatu miguuni, hospitali ilipata vikasha. Ni vikasha vidogo vya plastiki, vimebana kipande cha filme ndani. Unakivaa kifuani kazini, na kila miezi mitatu filme inapelekwa mbali, wanaisoma, wanakuandikia mwili wako umepokea miale kiasi gani. Mufaransa anakiita dozimetre. Jina la mwenyewe liliandikwa nyuma, upande unaogusa nguo. Tulivitundika ku misumari miwili karibu na mulango wa chumba giza.

Gaspard alifika kila siku mbele yangu. Nikiingia, anakuwa ameshavaa chake, na changu kiko mukononi mwake. Ananiambia, "Mon général, simama sawasawa." Ninasimama, ananivika kikasha ku kifua kama mutu anayepewa medali, anapiga saluti. Wagonjwa waliokuwa ku foleni walicheka. Na katika miaka ile, Dorika, kuchekesha watu wenye foleni ilikuwa kazi kubwa. Nilipenda ile saa ya asubuhi kuliko saa zote. Sikugeuza kikasha hata siku moja. Kwa nini nigeuze kitu ambacho ndugu yangu amenivika na mikono yake?

Kuna siku waraka ulikuja. Ulikuwa wa Kifaransa kigumu, kurasa tatu, na miye Kifaransa changu ni kile cha kusoma masanduku ya dawa. Gaspard alisoma kwa ajili yetu sisi wawili, kama kawaida. Nilimuuliza wanasema nini. Akasema, "Hakuna kintu, ndugu. Banasema tuvae vikasha kila siku." Miaka ilipita ndiyo nikausoma mwenyewe, na kamusi yako ya shule kando. Ulisema yule ambaye kikasha chake kitaonyesha miale mingi atolewe katika chumba cha radio, achunguzwe na daktari, na apewe kazi ingine ao masomo.

Mwaka mumoja baadaye matokeo yalikuja. Gaspard alikuwa amepokea mingi kupita kiasi. Miye nilikuwa salama. Mukubwa wa hospitali aliniita, akanipongeza kwa kujua kujilinda. Nilimulilia Gaspard. Kweli, machozi. Nilijiuliza namna gani mutu anayesimama nyuma ya ukuta anaungua, na miye niliye mbele siungui, nikajijibu kama ni Mungu. Nilimupa Mungu kazi ambayo haikuwa yake.

Walimutuma Kisangani, kusoma. Ulikuwa na miaka kenda. Unakumbuka ulimushika mguu ku uwanja wa ndege, hukutaka kumuachia. Asubuhi ile alipita hospitali kuaga, na alinivika kikasha mara ya mwisho. Hakupiga saluti. Alisema tu, "Ubaki muzuri," na sauti yake ilikatika. Nilifikiri ni uchungu wa kuachana.

Kisha ndege iliyokuwa inabeba zile filme haikuja tena, kama vitu vingi hapa kwetu visivyokuja tena. Kikasha changu nilikivaa bure miaka sita, na filme iliyokufa ndani yake, juu ya mazoea na juu ya kumukumbuka mutu. Na watoto niliendelea kuwakamata. Karatasi ilisema miye niko salama.

Kidonda kilianza kama ukavu wa ngozi. Kikapasuka, kikakataa kupona. Unakumbuka mama yako akinifunga majani, na weye ukinisomea Biblia kwa sauti ili nisisikie dawa inavyochoma. Daktari alikata kidole kimoja, kisha cha pili. Akaniambia nisiingie tena katika chumba cha radio. Wakanipa kazi ya kupanga makaratasi ya zamani ndani ya depo. Na mule ndani, chini ya madaftari ya wagonjwa, nilikuta ule waraka, na pamoja nao zile karatasi za matokeo.

Unakumbuka bibi yako alikufia Bambu, mwaka ule ule wa vikasha? Niliomba ruhusa ya wiki moja ya kumuzika. Barabara ilifungwa nyuma yangu, nikarudi Bunia baada ya miezi mitatu. Miezi mitatu hiyo sikupiga picha hata moja, na kikasha changu kilibaki ku musumari. Sasa nikatafuta karatasi ya miezi ile. Jina langu: miale kidogo, kama ya mutu aliyekuwa kazini. Jina la Gaspard: hakuna kitu. Sufuri. Na Gaspard ndiye aliyekuwa anafanya kazi peke yake muda wote huo.

Nilikaa chini juu ya sakafu. Nilisoma tena, nikafikiri ni kosa la mwandishi. Kisha nikavua kile kikasha changu, kile nilichovikwa asubuhi ya kuagana, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nikakigeuza. Nyuma yake kulikuwa jina la Gaspard.

Basi, unaona. Alikuwa anavaa changu na kunivika chake. Miale iliyoingia ndani ya mwili wangu iliandikwa kwa jina lake, na jina langu lilibaki safi juu ya kifua chake, nyuma ya ukuta. Nilipokwenda Bambu, mazoea yalimukamata: alivaa changu kama kila siku, akasahau kama mwenyewe hayupo. Wazee wanasema kikulacho ki nguoni mwako. Miye changu kilibanwa na pini.

Nilisalitiwa, mwanangu. Nimetafuta neno lingine la upole, sijalipata. Siku mingi nimemutafutia sababu. Alikuwa na watoto watano. Alikuwa na woga wa vita kurudi. Labda alifikiri nitatolewa miye, naye atabaki peke yake na mashine ile. Lakini kila sababu nikiifuata inafika pale pale, ku ile saluti ya asubuhi. Angeniibia nyuma ya mugongo wangu, ningeweza kuelewa. Aliniibia akiniangalia machoni, akinichekesha.

Na miye nikanyamaza. Lile ni kosa la pili. Kila alipopiga simu nilijibu, "Salama, ndugu, habari za kule?" Nilimwambia mama yako peke yake. Nilijidanganya kama ninanyamaza kwa ajili yako, juu unamupenda. Ukweli ni kama niliona haya. Mutu akijua kama mwenzake amemufanya mujinga mwaka muzima, anaona haya kuliko yule aliyemufanya mujinga. Nikaificha hasira kama nyama ndani ya kabati, nikashangaa nyumba inanuka.

Sasa nafika pahali pabaya. Nimesimama kidogo, nimekunywa maji. Mama yako amepita mulangoni, ameangalia karatasi, ameendelea na kazi yake.

Mwaka uliopita, ulipomaliza masomo yako hapa Bunia, Gaspard alikutumia barua na formulaire za kuingia universite ya Kisangani. Alizituma kwa mukono wa musafiri mumoja. Unakumbuka: alikupigia simu, akakuambia zimeshatoka, ngojea. Ukaenda ku ajansi siku tatu, moja mvua ikakunyeshea mpaka ukarudi na viatu mukononi. Ukamwambia, "Parrain, barua zinapoteaka, barabara iko mubaya, si kosa ya mutu." Tarehe ikapita. Ukakaa mwaka muzima unafundisha hesabu watoto themanini katika darasa moja, na hukulalamika.

Barua haikupotea, Dorika. Yule musafiri alinikuta miye ku mulango wa hospitali, akanipa mukononi. Niliifungua. Kurasa ine. Alinikumbusha karanga za chumba giza. Alisema anataka kukusomesha kama mutoto wake, kwa ajili ya upendo wetu. Nilitafuta neno moja kuhusu vikasha, nikasoma mara mbili, nikageuza hata karatasi nione nyuma. Hakuna. Hasira ilinipanda mpaka masikioni. Nikafikiri: amechukua vidole vyangu, sasa anataka kuchukua mutoto, na mutoto atamushukuru. Nikaiweka ndani ya sanduku la filme za zamani, juu ya kabati. Gaspard alipiga simu. "Ndugu, barua ilifika?" Nikasema, "Haijafika." Baada ya wiki akapiga tena, nikasema tena, "Haijafika. Barabara, ndugu, unaijua." Nilishangaa namna uongo unavyokuwa mwepesi ukiwa umekaa na hasira muda murefu.

Ulivyorudi na viatu mukononi, nilikuwa nimekaa hapa hapa ku meza hii. Nilikupa kitambaa ujifute. Nilikuambia pole.

Hasira hasara, tunasema, na kila mutu anafikiri ni hasara ya mwenye hasira. Hasara ilikuwa yako.

Ungefikiri ningekuambia siku ile ile uliponieleza unachokwenda kusoma. Wiki mbili zilizopita, jikoni. Mama yako alikuwa anachagua maharagi, weye ukamunyanganya lungo, ukasema, "Papa, kuya uone." Ukaweka haragi moja nyekundu katikati, na zingine kuizunguka, mbili karibu, zingine mbali. Nakumbuka maneno yako, juu sijalala vizuri tangu siku ile.

Ulisema, "Bantu banawazaka kama mwanga ya radio inatosha, ni kusema inatoa, kwanza elektroni ya inje, ile inakamatwa pole-pole. Hapana, Papa. Mwanga ya nguvu inapenda kutosha ile ya ndani kabisa, ile inakaa karibu na roho ya atomu." Ukaondoa haragi moja ya karibu. Pakabaki pahali patupu. Ukasema ule utupu haukai. Elektroni ya mbali inaanguka kuujaza, na ile kuanguka inaachilia nguvu. Ndani ya atomu kubwa za chuma, nguvu mara mingi inatoka kama mwanga. Lakini ndani ya atomu ndogo, zile za maji na za mwili wetu, mara mingi hakuna mwanga unaotoka. Nguvu ya ile inayoanguka inasukuma elektroni ingine, inaitupa inje. Ukatupa haragi ya pili, ikaviringika mpaka chini ya meza.

Nikakuuliza, "Ile ya pili, mwanga uliigusa?"

"Hapana. Mwanga ulishapita zamani."

"Sasa kosa yake ni gani?"

Ukacheka. "Haina kosa, Papa. Ilikuwa tu karibu."

Kisha ukasema saa ingine nguvu inavuka hata inje, inakwenda kutosha elektroni ya molekuli ya jirani, ambayo haikuhusika na kitu. Na vipande vilivyobaki, vyote vimepungukiwa namna moja, vinasukumana, na molekuli inapasuka. Yote hayo kwa muda mufupi ambao jicho haliwezi kuufuata. Ulisema unataka kujua mupango wake: nani alitoka kwanza, nani alianguka, nani alitupwa. Macho yako yalikuwa yanawaka. Na miye nikasimama, nikatoka inje, nikakaa nyuma ya nyumba mpaka giza. Ulimwambia mama yako kama umenichokesha na masomo. Haukunichokesha. Nilikuwa nimeona watu watatu juu ya lungo lile, na watatu wale niliwajua.

Wale wa inje hawawezi kukufanya hivi. Maaskari waliokuwa wanatutafuta siku zile niliwasahau, sikumbuki sauti ya hata mumoja. Aliyeniachia shimo ni yule wa ndani. Lakini shimo si lote. Miye ndiye niliyeanguka ndani ya shimo lile, na kwa kuanguka kwangu nikakutupa weye.

Juzi mama yako alipanda ku kabati kutafuta kamba ya valizi, akashusha lile sanduku. Akanikuta ninanyoa ndevu. "Hii ni kintu gani?" Nikaweka wembe chini. Akasema, "Kisirani ni ya weye na Gaspard. Mutoto anaingia mule namna gani?" Nikasema nitakuambia siku moja. Akasema, "Utamuambia weye mbele afike kule, ao nitamuambia miye ku ajansi, bantu bote basikie." Unamujua, angefanya.

Basi nimekuambia. Ndani ya kitambaa kilichofunga barua hii utakuta vitu viwili. Kimoja ni barua ya mwaka jana, na bahasha yake yenye jina lako, niliyoipasua miye. Kingine ni kikasha. Sikupi vitu hivi ili ukamupige Gaspard navyo usoni. Sikuambii umuchukie. Sikuambii pia umusamehe kwa niaba yangu, juu miye sijasamehe, na sitaki uende kule ukisema Papa amesamehe. Mutu yule alinifunika kinywa nisiuawe. Mutu yule yule alinivika jina lake. Nimejaribu miaka nane kumuweka upande mumoja, nimeshindwa. Labda weye mwenye kusoma mambo haya utaweza.

Ukichagua kulala kwake, umuulize. Umuulize mapema, mbele ya kukaa ku meza, juu chakula cha mutu kinafunga kinywa. Miye nilikula chake miaka mingi. Weka kikasha mbele yake, upande wa jina ukiwa juu, na unyamaze. Ukichagua kwa Justine, hakuna mutu atakayekuuliza. Na ukichagua kutopokea simu yangu wiki moja ao miezi, nitapiga kila Siku ya Mungu, siku ya kanisa, saa nane, itaita mpaka ikatike, na nitajua umesikia.

Katika laboratwari watakupa kikasha chako. Labda siku hizi ni cha aina ingine, chenye namba zinazowaka. Hata kama anayekuvika ni mutu unayemupenda kuliko wote, kichukue, kigeuze, soma jina, kisha uvae mwenyewe. Atakayekupenda kweli hatakasirika kukungojea dakika moja.

Nasikia sauti yako ku lango, unacheka na jirani. Mvua imekatika. Lazima nifunge barua mbele uingie. Kesho nitabeba valizi yako mpaka ku basi, na nitaibeba na mukono wa kushoto kama kawaida. Utakaponiaga utaushika bila kujua mambo yote ambayo mukono ule ulifanya. Nisamehe kwa hilo pia, kwamba nitakuacha uushike.

Haukuwa na kosa, mwanangu. Ulikuwa tu karibu yangu.

Papa yako